Breki Zinazonukia Chapati

Mamba Miamba, Same
Jumapili, 10 Machi 2024

Kaka Hezroni,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku hatujambo, ila ukungu umetukalia, tangu juzi hata zizi sijaliona vizuri. Mama anakusalimu sana. Macho yake ni yale yale: la kushoto limefunga kabisa, la kulia linaona kivuli cha mtu lakini halioni sura yake. Jana amemkaribisha mbuzi ndani akidhani ni mimi nimerudi. Amemwambia "pole na kazi" na kumvutia kigoda. Ng'ombe yule mweupe amezaa dume. Msalimu sana wifi Priska.

Najua unashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu mfukoni. Ni amri ya mama. Anasema amechoka kukusikia ukinifokea kwenye spika na mimi nikikukatia, kila wiki hivyo hivyo, na kwamba enzi za barua hakuna aliyeweza kumkatia mwenzake katikati ya neno. Kwa hiyo tuandikiane kama watu, nami nimsomee kila barua, inayokuja na inayokwenda, tangu salamu mpaka sahihi. Hapa amekaa karibu na mafiga ananisikiliza nikijisomea kwa sauti. Sogea basi mama, moshi huo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ile pikipiki uliyotuachia inanisumbua breki. Unajua kazi yangu, nazunguka kukusanya maziwa ya watu na kuyashusha kituoni. Madumu yanavuja, na maziwa yakilala kwenye chuma yananuka mpaka nzi wanaifuata pikipiki njiani. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana naiosha kwa brashi na sabuni ya unga, inang'aa, naianika, naiingiza kwenye banda la kuni. Jumapili asubuhi nikishuka nayo kanisani, breki ya mbele haishiki. Nikiibonyeza ni kama naiomba radhi. Ya nyuma inajitahidi, lakini kwa mteremko wetu huu peke yake haitoshi. Ikifika Jumatano breki inarudi yenyewe, inashika vizuri kama si yeye. Jumamosi naosha, Jumapili tunaanza upya.

Haraka yangu ni hii. Mchungaji ametangaza kuwa madaktari wa macho watafika Same mjini wiki ya tatu ya Mei, na mama ameandikishwa kupasuliwa mtoto wa jicho. Barabara imekatika tangu mvua za mwanzo, gari lolote linaishia chini. Hata Abubakari na Fuso lake la tangawizi anatusubiri bondeni, mizigo inamfuata kwa pikipiki. Mama hawezi kutembea mteremko ule asiouona. Atashuka nyuma yangu, kwa pikipiki hii, kwa breki hizi. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Agatha

Nimesahau: ukipata kioo cha indiketa ya kushoto nitumie. Na Mzee Anderson, jirani yetu wa pale kona, ana maneno mengi eti tangawizi yake imekanyagwa kidogo. Usijali.


Bendera
19 Machi 2024

Mdogo wangu Agatha,

Marahaba. Mama, shikamoo. Nashukuru kusikia mko salama. Sisi huku joto, mbu na ndege. Mpunga umeanza kutoa masuke, na kwelea wamepata habari kabla yetu. Tangu alfajiri niko shambani napiga debe na kupayuka, jioni sina sauti, kwa hiyo hata kwa simu nisingeweza kukufokea. Priska anawasalimu. Huyo mbuzi mwambie ana bahati, mimi nikija sivutiwi kigoda.

Breki usiziogope, zisikilize. Kwanza, pikipiki ikioshwa maji hukaa kati ya pedi na diski, ndiyo maana asubuhi inalia au inateleza. Ukimaliza kuosha usiianike tu. Iendeshe polepole hapo uwanjani huku umebonyeza breki kidogo, joto litakausha. Pili, suuza sabuni yote. Sabuni ya unga ikikaukia kwenye diski inaacha utando. Mwagia maji safi mpaka yatoke bila povu. Tatu, na hili ndilo kubwa: pikipiki ikiwa imesimama, bonyeza mkono wa breki. Ukizama laini mpaka kwenye mpini, kuna upepo umeingia kwenye mafuta ya breki, na hiyo itataka fundi autoe. Ukiwa mgumu lakini bado haishiki, basi kuna kitu kimekaa kwenye pedi. Niandikie ni upi kati ya hiyo miwili.

Kioo cha indiketa nitakutafutia. Ila nauliza: kimevunjwa na nini? Na tangawizi ya Mzee Anderson, imekanyagwa na nini?

Kaka yako,
Hezroni


Mamba Miamba
Jumapili, 7 Aprili 2024

Kaka Hezroni,

Shikamoo. Pole na kwelea. Barua yako imekula Pasaka ndani ya Fuso. Abubakari aliisahau kwenye dashibodi, ikaenda Tanga na kurudi, imefika na doa la chai. Nilimsema mpaka akanipa ndizi. Mama hajambo. Ndama amechangamka, anamfuata mama kila aendako, naye anamwita kwa jina lako.

Nimefanya yote. Nimesuuza mpaka mama akauliza kama nataka kumaliza maji ya kijiji. Nimezunguka uwanjani nimebonyeza breki, kuku wote wamekimbilia kwa jirani. Jumamosi jioni imeshika vizuri kabisa, nikafurahi, nikakuombea. Jumapili asubuhi, yale yale!

Mkono wa breki ni mgumu. Hauzami. Kwa hiyo ni hicho kitu kwenye pedi, sijui ni kitu gani.

Halafu nikuambie jambo la kuchekesha. Siku za Jumapili, nikishafika nusu ya mteremko na breki imepata moto, inanukia chapati. Nakuapia. Siyo harufu ya raba, siyo ya moshi, ni chapati inayogeuzwa kikaangoni. Mama anasema ni njaa yangu, kwa sababu Jumapili natoka bila kunywa chai. Labda. Lakini Priska aniambie kama amewahi kuona breki inayotia hamu ya kula.

Mama ameanza kuuliza nguo gani atavaa siku ya kwenda hospitali. Ameshachagua kitenge. Anauliza kama kweli ataona, na mimi namwambia ataona. Halafu naenda nje kuitazama ile pikipiki. Nifanye nini kaka? Mei si mbali.

Mdogo wako,
Agatha


Bendera
16 Aprili 2024

Agatha,

Marahaba. Mama, shikamoo. Sisi wazima. Ndege wametuachia kidogo, tutavuna. Ndama kupewa jina langu nimelipokea kwa mikono miwili, ila asikatwe Krismasi.

Umenijibu yote isipokuwa maswali mawili ya mwisho. Nimeona.

Sasa nisikilize vizuri, na usinune. Mkono mgumu, breki haishiki, na baada ya siku mbili tatu inarudi. Hayo ni mafuta. Kuna mafuta yanaingia kwenye diski, yanaungua taratibu unavyoendesha, yakiisha breki inarudi. Wewe ukishaosha unapaka kitu. Nakujua, hupendi chuma kionekane kikavu. Utakuwa umeweka grisi kwenye ekseli ikazidi, au umepuliza dawa ya kutu. Kubali tu yaishe.

Fanya hivi. Fungua pedi, ziko mbili, zinashikwa na pini. Zisugue na msasa kwenye jiwe bapa mpaka utoke uso mpya. Diski ifute kwa spiriti ile ya hospitali na kitambaa safi, kisha usiiguse hata kwa kidole. Na nasema hili kwa herufi kubwa ili umsomee mama naye awe shahidi: TONE MOJA LA MAFUTA KWENYE DISKI NI KABURI. Mafuta yoyote. Grisi, oili, ya kupikia, ya kujipaka. Kwenye mteremko ule hakuna mafuta mazuri.

Mama asipande pikipiki hiyo mpaka niseme mimi.

Nawakumbuka wote. Nayakumbuka hata makande, ingawa siku hizi chumvi mama anaiweka kwa kubahatisha.

Kaka yako,
Hezroni


Mamba Miamba
Jumapili, 5 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo, ila mama leo hayuko sawa, nitakuja huko.

Nimekasirika na sitaficha. SIJAPAKA KITU. Wala grisi, wala dawa ya kutu, wala tone. Mimi siyo mtoto. Ungekuwa kwenye simu ningeshakukatia, bahati yako mama aliona mbali.

Hata hivyo nimekutii. Barua yako nimeipokea jana kutoka kwa Abubakari, nikaisoma hapo hapo bondeni, nikapitia duka la dawa kununua spiriti. Nimefungua pedi, nimezisugua na msasa, diski nimeifuta mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nikajaribu mteremko wa shule: inashika mpaka inataka kunirusha mbele! Nikaiingiza banda la kuni, nikafunga mlango kwa kufuli, ufunguo nikampa mama, nikaenda zizini kukamua. Leo asubuhi nimetoka nayo. Haishiki. Na chapati inanukia kuliko siku zote.

Kwa hiyo kaka, huo ni mkono wa mtu. Nami namjua mtu mwenyewe. Mzee Anderson tangu habari ya tangawizi hanisalimii, na ukuta wa banda upande wa nyuma ni mbao tu, mtu akitaka anapitisha mkono. Mbele za watu amesema atanipeleka baraza la kata kwa ajili ya mashina matatu. Unawajua Wapare wenzako, wako tayari kuuza ng'ombe kufuatilia kesi ya kuku. Jumapili ijayo baada ya ibada nasimama mbele ya wazee wa kanisa namtaja kwa jina, na kila mtu asikie.

Sasa kuhusu mama. Leo mchana nimemsomea barua yako. Yale ya makande nimeyaruka. Nilipofika pale penye herufi kubwa akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akauliza, "Hata ya kujipaka?" Nikasema ndivyo ulivyoandika. Akainuka akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake, na mpaka sasa hajala. Nimemuuliza kama anaogopa upasuaji, amesema hapana. Hii barua hataki hata kusomewa. Amesema tu, "Mwandikie kaka yako kwamba siendi hospitali."

Kaka, siendi? Amengoja miaka! Kitenge kimekunjwa kwenye kiti. Sijui nimkamate wapi. Nisaidie.

Agatha


Bendera
Alhamisi, 9 Mei 2024

Mdogo wangu Agatha,

Meseji yangu ya leo naamini imekufika: USIMTAJE ANDERSON, USIPANDE, NGOJA BARUA. Ningeweza kupiga simu, lakini hili simu ingeliharibu. Abubakari nimemwapisha kwa jina la mama yake kwamba haitalala kwenye dashibodi.

Ketini pamoja, wewe na mama. Msomee yote, usiruke hata neno. Kuanzia hapa sizungumzi na wewe, nazungumza naye.

Mama, shikamoo. Ni mimi Hezroni, mwanao.

Barua ya Agatha ilipofika nilikuwa kwenye jaruba. Niliposoma tena kuhusu harufu ya chapati nikaketi kwenye tuta. Hiyo harufu naijua, mama. Nimekwenda nayo shule miaka yote. Jumamosi jioni ulikuwa unatuogesha kwenye beseni mmoja mmoja, unatusugua kwa dodoki mpaka tunapiga kelele, halafu unachota samli kwenye kibuyu, unaipasha viganjani na kutupaka. Uso, shingo, viwiko, magoti, nyuma ya masikio. Agatha alikuwa analia, mimi nilikuwa najifanya mkubwa. Ulikuwa unasema, "Hakuna mtoto wa nyumba hii atakayekwenda kanisani amepauka." Shuleni walituita watoto wa chapati. Nilipigana kwa ajili ya jina hilo, lakini moyoni sikuwahi kuona aibu. Wenzangu wengi walikuwa wamepauka miguu kama majivu, mimi nilijua nyumbani kuna mtu amenishika kila kiungo kabla sijatoka.

Nilipoileta hiyo pikipiki ulitoka nje ukaipapasa yote, taa, tenki, kiti, ukasema, "Na huyu sasa ni mtoto wa hapa, ndiye atakayenirudishia Agatha kila jioni." Mimi nilicheka. Nilipaswa kukusikiliza vizuri zaidi.

Basi mama, mtoto akiogeshwa Jumamosi kwa sabuni ya unga anapauka, na wewe hujawahi kumwacha mtoto hivyo. Hakuna ubaya hapo hata kidogo. Aliyepaswa kukuambia ni mimi niliyeileta, kwamba huyu mtoto ana mahali pamoja hapapakwi. Ni ile sahani ya chuma pembeni ya gurudumu la mbele. Hiyo huachwa kavu, ipauke inavyotaka. Tenki mpake, kiti mpake, madigadi mpake mpaka ng'ombe wajione humo. Sahani ile tu mwache.

Hakuna aliyeumia. Kama kuna kilichoumia ni tangawizi. Agatha yuko hapo mbele yako, mguse.

Na hospitali utakwenda. Nataka nikija uniangalie usoni uniambie kama nimezeeka.

Agatha, sasa wewe. Nisamehe kwa kukutuhumu grisi. Ndani ya kiroba cha mchele nilichompa Abubakari kuna pedi mpya. Za zamani zimekunywa samli tangu mwaka jana, msasa hauzifai tena, zitupe. Funga mpya, futa diski kwa spiriti, kisha zunguka taratibu siku mbili bila mzigo ili zizoeane. Breki ikishika Jumamosi, ikashika na Jumapili, nimesema mimi: mama apande.

Nusu ya mchele mpelekee Mzee Anderson. Na usimwambie ulikuwa unataka kumfanyia nini.

Kaka yako,
Hezroni


Same mjini, hospitalini
Jumanne, 21 Mei 2024

Kaka yangu,

Shikamoo! Mama amepasuliwa jana jicho la kulia. Kila kitu kimekwenda vizuri. Amelala hapa wodini amefungwa bandeji, anakoroma, nami naandika juu ya paja langu. Kesho asubuhi wanamfungua. Hii sitamsomea, kwa hiyo leo nitakuambia kila kitu.

Kwanza siku ile ya kusoma. Tulikaa jikoni. Nilipofika kwenye kibuyu cha samli mimi mwenyewe nilishusha karatasi, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa. Nilimtazama. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Nikaendelea, sikuruka. Nilipofika pale pa "mguse", akanyosha mkono, akanishika kichwa, shingo, mabega, mikono, mpaka vidole, kama anahesabu kama nimekamilika. Halafu akalia, kaka. Sijawahi kumsikia mama akilia vile, hata tulipomzika baba. Akawa anasema, "Inakubeba wewe kila siku, nikaona isipauke. Ningekuua mwanangu, ningekuua kwa mikono yangu." Nami nikalia. Ndama naye akaanza kupiga kelele nje, mama akasema, "Hezroni ana njaa," tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Akaomba makande, akala sahani mbili. Nilipokuwa zizini nakamua, kila Jumamosi, ndipo alipokuwa anaingia bandani na kiganja cha samli. Kufuli nilifunga mwenyewe na ufunguo nikampa mchawi wangu!

Sasa maswali yako mawili. Mwezi wa pili, Jumapili moja, nilikuwa nashuka peke yangu, mteremko wa kona ya Mzee Anderson. Nikabonyeza breki, hakuna kitu. Nikabonyeza ya nyuma, gurudumu likakaza, likaanza kuteleza kwenye matope kuelekea korongoni. Unalijua lile korongo. Nilichofanya sikukifikiri, nililaza pikipiki upande wa kushoto na tukaingia sote shambani. Indiketa ikavunjika, goti likachubuka, na tukasimamia kwenye matuta ya tangawizi. Mashina matatu. Nilikaa pale matopeni nikinukia tangawizi na chapati. Sikuandika kwa sababu kila barua mama anaisikia. Nilijua akisikia hatapanda pikipiki milele, na macho yake yatabaki hivyo. Kwa simu nisingeweza pia, spika ingemfikia. Ndiyo hivyo. Ulijua, najua ulijua.

Kisha juzi, safari yenyewe. Pedi mpya, siku mbili za mazoezi, Jumamosi imeshika, Jumapili imeshika. Mama amevaa kitenge chake na sweta, nimemfunga nami kwa kanga kiunoni kama mtoto wa mgongoni. Tumeanza kushuka. Kaka, nilikuwa naogopa mpaka meno yanagongana. Nikabonyeza breki kona ya kwanza: ikashika. Ya pili: ikashika. Tulipofika kona ya Mzee Anderson nilipunguza mpaka karibu tusimame, na ilisimama! Ikasimama kabisa kwenye mteremko ule, imetulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Mama akaniuliza sikioni, "Mbona leo hainukii?" Nikamwambia, "Leo haijapakwa, mama." Akanikumbatia kiuno kwa nguvu, akaanza kuimba pambio. Mzee Anderson alikuwa shambani kwake akainuka, akatupungia jembe. Mchele wako umefanya kazi.

Kaka, nimekuwa nikibeba hofu hii tangu Februari. Leo nimelala usingizi mchana kwenye kiti cha mbao, mpaka muuguzi akaniamsha akidhani mgonjwa ni mimi.

Agatha


Bendera
28 Mei 2024

Agatha mdogo wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Mama, shikamoo. Kama unaisoma mwenyewe hii, basi shikamoo mara mbili.

Leo sina la breki. Barua yako ya hospitalini nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye lori la Abubakari, na nimelia mbele ya wapakiaji. Mmoja akauliza kuna msiba? Nikamwambia hapana bwana, breki zimeshika. Wakatazamana.

Pikipiki ile mimi ndiye niliyeileta. Tangu uliponiandikia mara ya kwanza, kila simu ikiita nilikuwa nafikiri ndiyo ile ya msiba. Ndiyo maana nilikuwa mkali. Sikuwa na hasira na wewe hata siku moja, nilikuwa naogopa.

Priska amekupikia karanga, ziko na Abubakari, pamoja na kioo cha indiketa. Kama zikifika nusu, unajua nani wa kumuuliza.

Tunavuna wiki ijayo.

Kaka yako,
Hezroni


Mamba Miamba
Jumapili, 9 Juni 2024

Kaka Hezroni,

Shikamoo. Karanga zimefika robo. Abubakari anadai barabara ni mbaya.

Mama anaona! Walipomfungua alinitazama muda mrefu, nikadhani haoni, kumbe anasikitika. Akasema, "Agatha, viwiko vyako vimepauka hivyo, na watu wanakuona?" Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza. Kisha akatoka nje kuiona pikipiki, akashangaa, "Kumbe nyekundu! Siku zote nilidhani nyeusi." Kumbe aliipapasa yote lakini rangi hakuwahi kuuliza.

Jana Jumamosi nimeosha kama kawaida. Nilipotoka kukamua nikamkuta bandani, mlango wazi, kibuyu pembeni. Nikasimama nikamwangalia. Alipaka tenki, akapaka kiti, akapaka madigadi. Alipofika gurudumu la mbele akafuta mikono yote miwili kwenye kanga, kidole kwa kidole, akaniita. "Njoo uangalie wewe," akasema. "Hapa mimi sipagusi." Nikaangalia. Diski kavu, imepauka vizuri kabisa. Leo nimeshuka kanisani na breki imeshika kila kona, na watu wote wanaisifia pikipiki kwa kung'aa.

Sasa nakuachia. Amekaa hapa ananinyang'anya kalamu, anasema na yeye ana mkono.

Agatha


Hezroni mwanangu,

Marahaba. Nimezisoma barua zako zote mwenyewe, tangu ya kwanza. Agatha alikuwa anaruka maneno. Makande yangu umesema yana chumvi ya kubahatisha. Nimeona.

Nimeona na habari ya korongo, maana barua ya hospitalini imerudi ikiwa imefungiwa karanga, sijui aliyezifunga ni wewe au ni Priska. Nimeisoma, nikaenda mpaka pale kona, nikaangalia chini kwa jicho langu. Nikarudi nyumbani nikampikia Mzee Anderson.

Maliza kuvuna uje. Nitakutazama nikuambie kama umezeeka. Kibuyu bado kimejaa, na pikipiki imekataa kupakwa sahani yake. Wewe hutakataa kitu.

Mama yako